Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Bonde la Msimbazi: pimeni kuta kabla hamjazibomoa

Waheshimiwa wenye dhamana ya maji, ujenzi, mipango miji na maafa,
Dar es Salaam.

YAH: ALAMA ZA MAFURIKO KWENYE KUTA ZA BONDENI

Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni mkazi wa zamani wa Hananasif, upande wa bondeni, kando ya mto Msimbazi. Fidia ya kupisha mradi wa bonde nimelipwa, vitu nimehamisha, na barua hii haidai hata senti. Nimeiandika kwa ajili ya ukuta mmoja.

Nyumba ya jirani yangu bado imesimama. Ni ya vyumba vinne, bati limekula kutu, na mbele ina ile X nyekundu ya kubomolewa, ambayo mtu wa Dar haulizi maana yake. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, miaka mingi aliuza maandazi pale njia panda. Ukiingia sebuleni, kulia kwako, pembeni ya fremu ya mlango wa uani, utakuta mistari minne. Wa chini uko juu ya goti, umeandikwa 2014. Wa pili uko kiunoni, 2019. Wa tatu umepita katikati ya swichi ya taa, 2018. Wa nne ni lazima unyanyue shingo: uko shibiri moja tu chini ya lenta, na umeandikwa Des 2011.

Mwanzoni aliichora kwa mkaa. Idi moja akapaka chokaa, mkaa ukapotea, lakini doa la tope likagoma kufutika. Akafuata doa lile, safari hii kwa ncha ya msumari. Nilimuuliza siku moja anahangaikia nini. Akanijibu kwamba kila mpangaji anayekuja kuangalia chumba humuuliza kama maji yanaingia, na yeye hapendi kuapa uongo. Anamwonyesha ukuta, mtu anaamua mwenyewe. (Wengi walipanga hivyo hivyo. Kodi ilikuwa nafuu, na mjini ni karibu.)

Ombi langu ni hili. Kabla kijiko hakijafika kwenye nyumba hiyo na nyingine zilizobaki zenye alama kama zake, tumeni mpima ardhi na vifaa vyake, apime kila mstari uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, aandike mwaka wake, apige picha na achukue majira ya eneo, yaani namba za ramani zinazoonyesha nyumba ilipo. Ni kazi ya siku chache. Ukuta ukishaanguka, hakuna fedha itakayorudisha kipimo hicho.

Naomba mnivumilie nieleze kwa nini naona jambo hili ni kubwa.

Nimekulia katika nyumba ya msoma vipimo. Baba alisoma geji kwenye kituo kimoja cha mto Ruvu. Geji yenyewe si kitu cha kutisha: ni kama rula ndefu ya bati lililopakwa rangi, ina mistari ya sentimita, imefungwa kwenye nguzo ya chuma ndani ya maji. Ziko kadhaa, zimepangwa kupanda ukingo kama ngazi, maana ya chini ikizama unasoma inayofuata. Saa tatu asubuhi anashuka mtoni, saa kumi jioni anashuka tena. Idi, Krismasi, hata siku ya msiba wa mama yake mdogo, alishuka kwanza akasoma ndipo akaenda kuzika. Aliandika kwa penseli, kwa sababu wino ukilowa unakimbia. Mto ukifura alikwenda kila saa, usiku kwa tochi, na mama akikaa macho mpaka asikie anapangusa miguu mlangoni.

Mara chache kwa mwaka walikuja maofisa na kifaa chenye panga dogo kama la feni, linalozunguka kadiri maji yanavyokimbia. Walikizamisha hatua kwa hatua kutoka ukingo huu hadi ule, wakihesabu mizunguko. Ndipo nilipofahamu kwamba kina cha maji peke yake hakikwambii mto umebeba kiasi gani. Ni lazima ujue pia upana na kasi. Anayetaka kujaribu bila kifaa achukue chungwa. Tuseme mto una upana wa mita 10 na kina cha wastani cha mita 2, na chungwa limekwenda mita 20 kwa sekunde 10, yaani mita 2 kila sekunde. Zidisha: mita za ujazo 40. Kisha punguza kidogo, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayojikwaruza kwenye mchanga, unapata kama 34. Hayo ni matangi 34 ya lita elfu moja, yale meusi mnayoyaona juu ya nyumba zetu, yanapita mbele yako kila sekunde moja. Maofisa wakishapima hivyo mara nyingi, maji yakiwa haba na yakiwa mengi, wanachora mstari unaooanisha kina na wingi wa maji. Kuanzia hapo msoma vipimo akisema leo ni mita mbili na nusu, ofisini wanajua ni matangi mangapi kwa sekunde. Mstari huo unafaa mpaka mto ubadilishe sakafu yake. Sakafu ikipanda kwa mchanga, unaanza upya.

Ruvu ulipata bahati hiyo kwa sababu jiji linaunywa. Mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi ulianza 1959, wa Ruvu Chini kule Bagamoyo ukafuata 1976. Kituo cha kupimia kwenye daraja la Barabara ya Morogoro, wataalamu wanakiita 1H8, kina kumbukumbu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtu anayetaka kujua kama Ruvu wa leo ni sawa na Ruvu wa wakati wa Uhuru ana daftari la kufungua.

Msimbazi hatuunywi. Unatoka vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unalikata jiji kwa kilomita kama 35, unapokea maji ya Ubungo, ya Luhanga na ya Sinza, unatandaa Jangwani, unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Tuliufanya jaa na mfereji, kila mtu akitupa chake na kuondoka. Daftari la msoma vipimo kwa mto huu, la miaka sitini kama la Ruvu, halipo.

Mvua ndiyo tulipima. Vipimo vya mvua vya mji huu vinaanzia enzi za Mjerumani, na ndiyo maana Desemba 2011 Mamlaka ya Hali ya Hewa iliweza kutamka kwamba tarehe 20 zilinyesha milimita 156.4, mvua ambayo haikuwahi kuonekana jijini tangu 1954. Sentensi hiyo ni fupi, lakini nyuma yake kuna zaidi ya nusu karne ya watu kumimina maji ya kopo kwenye bilauri yenye mistari kila kukicha. Upande wa mto, watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, maelfu walibaki bila makazi, baadhi wakapelekwa Mabwepande. Mvua ya siku ile tunaijua hadi sehemu ya kumi ya milimita. Mto wa siku ile tunaukumbuka kwa picha za watu waliokaa juu ya mabati, na kwa msumari wa muuza maandazi.

Wenzetu wa Misri walilifikiria jambo hili zamani. Pale Kairo, kwenye kisiwa cha Roda, kuna kisima kilichochimbwa kikaunganishwa na mto Nile, na katikati yake imesimamishwa nguzo ya marumaru iliyochongwa mistari ya dhiraa. Kilijengwa mwaka 861. Dhiraa ile ile ya bibi zetu waliopimia kaniki, ingawa kila nchi na mkono wake. Mto ukifika dhiraa 16 mashamba yatanywa, na kodi ya ardhi inatozwa. Ukipungua, njaa iko njiani. Miaka zaidi ya elfu moja ya vipimo vya Nile imetokana na kazi hiyo, na wataalamu wa dunia nzima bado wanaisoma.

Ninachokipenda zaidi ni yule mpiga mbiu. Msimu wa mto kupanda, watu walipita mitaa ya Kairo wakitangaza umepanda vidole vingapi tangu jana. Halafu mwaka 973 khalifa al-Mu'izz akapiga marufuku kutangaza mpaka zitimie dhiraa 16, kwa sababu siku mto ukichelewa, wafanyabiashara walificha nafaka na watu wakaingiwa na hofu. Mtaona kwamba hoja ya “tusiwatie wananchi taharuki” haikuzaliwa katika ofisi zetu. Ina miaka elfu moja na ushei.

Nile hiyo hiyo kwa upande mmoja inaanzia nyumbani kwetu. Usawa wa maji ya Ziwa Victoria umekuwa ukisomwa tangu 1896. Zilipokuja mvua kubwa za 1961, ziwa likapanda, likaendelea kupanda hadi 1964, na kwenye geji ya Jinja, Uganda, likafika mita 13.41. Mei 2020 likafika 13.42. Tofauti ni sentimita moja, unene wa kidole, baada ya miaka 56. Watu wa Mwanza na Bukoba walioona maji yamefika kwenye mashamba na vibaraza waliweza kuambiwa kwa uhakika kwamba ziwa limewahi kufika hapo wakati wa babu zao. Mtu akiwa na jambo hilo mkononi anajua pa kuweka msingi wa nyumba.

Sisi wa bondeni tunabishana. Kila baada ya mafuriko maneno ni yale yale. Mmoja anasema ni mabadiliko ya tabianchi, mvua si za kawaida. Mwingine anasema ni takataka zetu, chupa za plastiki zimeziba daraja. Wa tatu anasema ni mchanga: mto umejaa, unatembea juu ya sakafu iliyopanda, kwa hiyo mvua ile ile ya zamani leo inamfikia mtu kiunoni. Wa nne anasema ni lami na mabati ya huko juu. Mkoa ulikuwa na watu 4,364,541 kwenye Sensa ya 2012, ukawa na 5,383,728 mwaka 2022, na kila familia ikiezeka na kusakafia uwanja, maji yaliyokuwa yakinywewa na ardhi ya Kinyerezi yanatushukia yote kwa pamoja. Halafu kuna wavuvi, wanaosema tusisahau bahari: siku ya bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mafuriko yakikuta bahari imejaa pale Salenda hayana pa kwenda.

Kwa macho yangu wote wana ukweli. Lakini kila sababu ina dawa yake. Ya mchanga ni kuchimba na kutunza vilima vya Pugu. Ya lami ni mabwawa madogo ya kupokea maji huko juu. Ya bahari ni upana wa mlango wa mto. Ukitaka kujua ipi inabeba mzigo mkubwa unahitaji kuona mvua fulani ilileta maji kiasi gani mwaka ule, na mvua kama hiyo ilileta kiasi gani mwaka huu, kwenye sakafu ya mto iliyopimwa. Bila kumbukumbu hiyo anayeshinda mabishano ni mwenye kipaza sauti.

Hata sheria zetu zinaonyesha pengo hilo. Mpango Mkuu wa jiji wa 1979 uliliona bonde kuwa hatari kwa makazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ikaweka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sibishi, mita 60 ni bora kuliko hakuna. Ila ni mita 60 hizo hizo kwa kijito cha korongoni na kwa Jangwani, ambako maji yakitandaa yanachukua mamia ya mita, barabara inafungwa na karakana ya mabasi ya mwendokasi inageuka bwawa. Mstari wa hatari ungefuata mahali maji yalipowahi kufika. Na pale yalipofika, waheshimiwa, pameandikwa ukutani.

Najua baadhi yenu mtasema msumari wa mama si kipimo cha kitaalamu. Nendeni Passau, Ujerumani, mji ulio kwenye makutano ya mito mitatu. Kwenye mnara wa ukumbi wa jiji wamechora alama za mafuriko kuanzia karne ya kumi na sita. Danube ilipofura Juni 2013 ikafika mita 12.89, watu walitazama mnara na kusema hapa hapajafikiwa tangu 1501. Hakuna aliyewacheka. Tena alama ya ndani ya nyumba ni bora kuliko ya nje, kwa sababu ndani maji hutulia, hayarukiruki kwa mawimbi. Mpima akipata alama za mwaka mmoja kwenye nyumba kumi, kutoka Kigogo kuteremka hadi Hananasif, anaona mteremko wa uso wa maji ya siku ile. Akiuchanganya na umbo la bonde, anakadiria wingi wa maji yaliyopita. Ni hesabu inayofundishwa vyuoni, na vijana wa vyuo vyetu wanaiweza.

Watakuwepo waliozidisha, siwezi kuwaficha. Mtu akidhani mstari ukiwa juu fidia itaongezeka, mstari unapanda wenyewe usiku. Dawa yake ni kulinganisha nyumba na nyumba: nyumba saba zikikubaliana na ya nane ikapaa, ya nane iachwe. Ikikosekana mashine ya kupimia usawa, waulizeni mafundi ujenzi. Wao huhamisha usawa kutoka nguzo hadi nguzo kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, na nyumba zinasimama wima.

Mradi wa bonde sina ugomvi nao. Nimesoma kwamba Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, kwamba Jangwani inapata daraja la juu zaidi na bonde linakuwa bustani ya jiji. Wajukuu wangu wakacheze huko, naomba uzima. Lakini daraja huchorwa kwa kukisia mafuriko makubwa yatakayopita chini yake, na mto usio na daftari hukisiwa kwa mvua na hesabu za kompyuta. Hesabu hizo zinahitaji kitu halisi cha kuzisahihisha. Mistari minne ya jirani yangu, yenye miaka, ndiyo kitu halisi.

Na daraja jipya likisimama, naomba lisisimame bila geji. Bandikeni rula kwenye nguzo, namba kubwa ambazo mwendesha bodaboda anaweza kuzisoma akiwa juu. Wekeni nyingine Kigogo na Salenda, ili maji yanayoshuka yaonekane kabla hayajafika na bahari inayopanda iandikwe saa ile ile. Vifaa vya kujisomea vyenyewe ni vizuri, vifungeni, ila betri huisha na sola huibwa, na tunawajua wanaoiba. Kwa hiyo muwepo na binadamu, kijana wa mtaa mwenye simu na posho inayolipwa kwa wakati. Baba aliwahi kukaa miezi mitano bila posho na hakuacha kusoma. Msipange mambo kwa kutegemea watu wa aina hiyo.

Usomaji ukishaandikwa, utoke. Uende kwa wenyeviti wa mitaa, misikitini, makanisani, kwenye magrupu ya simu, redioni. “Mto Kigogo umefika mita tatu, jana ulikuwa moja na nusu, bahari inajaa saa kumi na moja” ni maneno ambayo mama mwenye watoto watatu anayajua afanye nini nayo. Tangazo la “wananchi wa mabondeni wachukue tahadhari” tumelisikia kila masika tangu nikiwa kijana, na kila mara tulitazamana tukaulizana: tahadhari ya magoti au ya lenta?

Nyumba niliyowaambia iko nyuma ya mwembe mkubwa uliobaki peke yake, baada ya banda la mkaa. Mama ameshahamia kwa binti yake, lakini ufunguo ameniachia na amekubali mpima aingie wakati wowote. Ameomba jambo moja tu, kwamba atakayeandika ripoti aandike kuwa mstari wa 2018 una kosa la vidole viwili hivi, kwa sababu siku ile alichora akiwa amesimama juu ya ndoo iliyokuwa inayumba.

Mkimtuma mtu, aje na ngazi. Ule wa 2011 uko juu.

Ni mimi,
Mkazi wa zamani wa Hananasif